Mstari wa Chumvi Kwenye Bendera ya Lukandwe

Zamani, kabla Lukandwe haijaitwa Lukandwe, hapakuwa na bendera wala mlingoti, na ungemuuliza mtu yeye ni wa nchi gani, angekutajia kazi ya baba yake. Huyu mkulima, yule mfugaji, yule mfua chuma. Wakulima walikaa kwenye miteremko, wafugaji mbugani, na wafua chuma pembezoni mwa misitu walikopata mkaa. Waliuziana, wakaozana mara mojamoja, na kugombana kila mwaka. Watu wa nne walikuwepo pia, lakini hao hawakuhesabiwa, na hapo ndipo yalipo maneno yenyewe.

Bendera yetu mnaijua. Ubavuni penye kamba ni nyeusi, juu ni kijani, chini ni nyekundu. Na kati ya kijani na nyekundu upo ule mstari mweupe uliopinda, mwembamba hapa, mpana pale, ambao watoto wa shule huuchora kwa rula kisha wakaambiwa wafute waanze upya. Wageni husema fundi wetu wa kwanza alikuwa na mkono mbovu. Si kweli. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko mikono yote ya nchi hii. Kilichokuwa kibovu ni kitu kingine.

Watu wa nne walikaa bondeni Irungwa, mahali ambapo ardhi yenyewe ina chumvi. Kazi ilikuwa ya wanawake. Walichimba udongo wa chumvi, wakautia kwenye vyungu vilivyotobolewa chini, wakamimina maji, na maji yale wakayachuja kwa kitambaa na kuyachemsha kutwa nzima mpaka chumvi ibaki peke yake. Moshi uliwaingia machoni. Mikono ilipasuka, na chunyu, ule ukoko mweupe wa chumvi, iliwaganda miguuni hadi magotini, kiasi kwamba mwanamke wa Irungwa ulimjua angali mbali.

Chumvi yao ilikuwa katika kila chungu cha nchi hii. Hakuna harusi iliyopikwa bila chumvi ya Irungwa. Mfugaji ambaye ng'ombe wake amezaa kisha akamkataa ndama, akimpiga mateke kila anapotafuta chuchu, alimpaka ndama yule chumvi ya Irungwa shingoni na mgongoni. Ng'ombe akionja hulamba, akilamba humjua mwanawe, na kabla ya jua kuzama ndama ananyonya. Hakuna dawa nyingine iliyoiweza kazi hiyo. Lakini mwanamke aliyeileta chumvi aliwekewa kigoda nje ya ua, na kata aliyonywea maji ilivunjwa akishawapa kisogo. Sababu? Miguu myeupe na harufu ya moshi. Nimewauliza wakubwa zangu kama ipo sababu nyingine, nao wakaanza kuzungumzia mvua.

Huko Irungwa ndiko alikozaliwa Nyanzobe, mtoto wa pekee wa mchemsha chumvi aliyeitwa Milembe. Alipopata nguvu za kubeba mzigo, mama yake alimtuma apeleke chumvi kwa bibi mmoja mshonaji aliyekaa karibu na boma la Mtemi Mihambo. Bibi yule hakuwa na mtoto. Aliviangalia vidole vya msichana, akampa sindano ajaribu, na jioni akatuma ujumbe bondeni akimwomba Milembe amwachie mtoto amfundishe kazi. Milembe alikubali. Alipomletea binti yake nguo zake chache, aliishika mikono yake akaigeuzageuza.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. "Hii isije ikapasuka kama yangu."

Nyanzobe alikaa. Alijifunza kupinda, kuunga, na kutarizi. Alijipaka mafuta miguuni asubuhi na jioni hata chunyu ikaondoka, na ilipoondoka akaanza kuona haya kwamba iliwahi kuwapo. Haya hiyo haikuja siku moja. Ilianza pale aliposikia wenzake kisimani wakiwacheka wabeba chumvi, naye akacheka kidogo, ili asionekane. Siku nyingine akacheka zaidi. Wanawake wa Irungwa wakipita na vikapu vyao, aliingia ndani kutafuta uzi ambao haukuwa umepotea. Bibi mshonaji alipofariki, hakubaki mtu pale bomani aliyekumbuka binti huyu alitoka wapi.

Kisha Lubasha, mtunza ngoma wa mtemi, mtu mpole mwenye kucheka kwa urahisi, akataka kumwoa. Akauliza wakwe wako wapi ili apeleke posa. Nyanzobe alisema ametoka ng'ambo ya mto, na kwamba baba hakumjua, na mama alikwisha kufariki.

"Lini?" Lubasha akauliza.

"Mwaka huu huu."

"Na matanga?"

Nyanzobe akatikisa kichwa. Lubasha, kwa wema wake, akasema hawezi kuoa mtu mwenye msiba usioliliwa. Akachinja mbuzi, akaita majirani, akatandika mikeka. Nyanzobe alinyolewa nywele, akakaa katikati ya wanawake waliomlilia mama wasiyemjua, ilhali mama mwenyewe yuko bondeni anachochea moto. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini ya Nyanzobe ilikuwa na ukumbi na mikeka na mbuzi mzima. Nyama ilipoletwa alikula. Mchuzi ulikuwa na chumvi ya Irungwa, na alipouonja akaliweka bakuli chini, wanawake wakadhani ni majonzi, wakampapasa mgongo.

Kule bondeni, Milembe aliulizia habari za mwanawe kila wabeba chumvi waliporudi. Wakamwambia, mwanao ni mshonaji wa mtemi siku hizi, amependeza. La matanga hawakumwambia. Labda hawakulijua, labda walimwonea huruma. Yeye akasema, "Basi ni mzima," akarudi kwenye vyungu vyake.

Miaka ikaenda, yakaja mapigano. Wavamizi walitoka kaskazini, na kwa mara ya kwanza wakulima, wafugaji na wafua chuma walikubaliana kupigana pamoja. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Wakulima waliona watu wanateremka mlimani, wakawarushia mikuki. Watu wale walikuwa wafugaji waliokuwa wakija kuwasaidia. Wafugaji nao wakajibu. Ukungu ulipoinuka, wavamizi walikuwa wamekwenda zao bila haraka, na waliokuwa wamelala chini waliuawa na majirani zao. Mtemi Mihambo alipita kati ya maiti akiwa ameshika kichwa. Aliona aibu kubwa siku ile, nasi tunaijua kwa sababu alikataa kukalia kiti chake mpaka jambo hili lipatiwe dawa.

Dawa aliyoipata ni bendera. Alitaka kitu kimoja cha kuinuliwa juu, ambacho kila mtu akikiona kwa mbali ajue kwamba pale chini yake wapo ndugu zake asiwarushie mkuki. Akapiga mbiu, kila kundi la watu lilete kitambaa chenye rangi ya kazi yake, vishonwe pamoja. Na kwa kuwa siku hizo wapelelezi walikuwa wengi, akaweka sharti moja. Mwenye kuleta kitambaa lazima awe na mtu barazani wa kusimama na kusema, "Namjua." Kazi ya kushona akapewa Nyanzobe. Mbiu ilipigwa miteremkoni, mbugani, na misituni. Bondeni haikupigwa, wala hakuna aliyesahau. Walijua wanachokifanya.

Siku ya kupokea vitambaa, Nyanzobe alikaa chini kando ya kiti kitupu cha mtemi, sindano mkononi, amevaa nguo yake nzuri kuliko zote. Wakulima walileta kijani walichokitoa kwenye majani. Wafua chuma walileta cheusi cha masizi ya mkaa. Mzee Gwalema, mkubwa wa wafugaji, alileta chekundu kilichochovywa kwenye udongo wanaojipaka, akakiweka chini kwa madaha kana kwamba ndiye aliyeumba wekundu. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumsimamia. Watu walicheka, wakapongezana. Ilikuwa siku njema.

Halafu baraza likanyamaza kuanzia nyuma. Mwanamke mzee alikuwa anapita katikati ya watu, nao walikuwa wanavuta nguo zao pembeni asiwaguse. Miguu yake ilikuwa myeupe hadi magotini. Nyanzobe hakuhitaji kumtazama usoni.

Milembe alifika mbele, akapiga goti. Mkononi alikuwa na kitambaa chakavu, kigumu, chenye rangi ambayo si nyeupe wala si ya majivu. Kilikuwa kitambaa chake cha kuchujia maji ya chumvi.

"Mtemi wangu," alisema, "sisi mbiu haikutufikia, ila upepo ulitufikia. Wenzetu wameleta rangi. Sisi kazi yetu haina rangi, basi nimeleta kazi yenyewe."

Wengine waliguna. Mtemi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa desturi tu, na mtu wa desturi huweza kufanya ubaya bila kukunja uso. Alilikumbuka sharti lake, akaliona ni njia nyepesi ya kumwondoa bila kumfukuza.

"Nani hapa anamjua mama huyu?" aliuliza.

Milembe aliinua macho, yakaenda moja kwa moja kwa mshonaji. Alitabasamu tu kidogo, kama mama anavyotabasamu akimwona mtoto amependeza mbele ya watu. Mtemi aliyafuata macho yale.

"Nyanzobe, unamjua?"

Lubasha alikuwa amesimama karibu na ngoma zake. Wanawake waliolia kwenye matanga walikuwa wameketi safu ya mbele. Nyanzobe aliwatazama wote. Neno moja lingemvunjia nyumba, na neno moja lingemwokoa. Akalichagua la pili.

"Simjui," alisema.

Tabasamu la Milembe halikuondoka upesi. Lilikaa kidogo usoni, bila kazi, kisha likaondoka. Nyanzobe aliliona likiondoka, na hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko neno lenyewe.

"Anasema kweli, mtemi wangu," Milembe alisema. "Hanijui. Macho yangu yameharibika kwa moshi, nilimfananisha." Akakiweka kitambaa chini. "Kama hamna pa kukiweka, kitumieni kufutia mikono. Bado ni kizima." Akapiga goti tena, akageuka, akaenda zake, na watu wakavuta nguo zao kama mwanzo.

Mtemi alimwambia Nyanzobe akakitupe kile kitambaa. Nyanzobe alikichukua kwa ncha za vidole, mbele ya watu, kama mtu anayeshika panya aliyekufa. Nyumbani alifunga mlango, akakikumbatia, akalia hadi kitambaa kikalowa, na kilipolowa kikatoa harufu ya moshi wa utotoni mwake. Angeweza kukitupa. Alijaribu. Alikwenda hadi jaani, akarudi nacho. Angeweza pia kusimama na kusema, kesho yake au kesho kutwa, lakini kila asubuhi maneno yalikuwa mazito kuliko jana. Mkataa kwao ni mtumwa, na mtumwa huyu hakuwa na bwana wa kumwachia huru isipokuwa mdomo wake mwenyewe.

Basi akafanya jambo la watu wenye aibu, jambo la nusunusu. Alipounga kijani na nyekundu, alikikunja kitambaa cha mama yake kikawa chembamba, akakiweka ndani ya mshono, akapinda nguo juu yake kwa mishono midogo ambayo jicho haliwezi kuifuata. Alijiambia kwamba amempa mama yake mahali. Alijiambia pia kwamba hakuna atakayejua. Mambo hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja na hakuona kwamba yanagombana. Bendera ilipokamilika, mtemi aliipapasa, akauliza mbona katikati ni ngumu. Nyanzobe akasema ni kwa ajili ya upepo. Mtemi akamsifu kwa akili yake. Sifa ile alibaki nayo mwilini siku nzima kama upele.

Siku ya kuipandisha, nchi nzima ilijaa uwanjani, isipokuwa bonde. Mlingoti ulikuwa umesimamishwa, kamba imefungwa. Mzee Gwalema akasema desturi ya wafugaji ni kwamba kitu kipya huonyeshwa kwanza ng'ombe aliyezaa mara ya kwanza, ili kipate baraka za uzazi. Wakulima walinung'unika kwamba wafugaji wangeonyesha ng'ombe hata mwezi kama wangeweza kuushusha, lakini mtemi akakubali. Wazee waliishika bendera pembe zote wakaitandaza kwa urefu wa kifua, na ng'ombe mweupe akaletwa, ndama wake nyuma.

Ng'ombe alinusa kijani, akapita. Alinusa nyekundu, akapita. Alipofika katikati akasimama, masikio yakaenda mbele, akatoa ulimi akalamba. Watu wakacheka. Akalamba tena. Gwalema alimvuta kamba, ng'ombe akakaza shingo. Rangi za siku zile zilikuwa za majani na udongo, na chini ya ulimi ule wenye kukwaruza zikaanza kutoka. Ng'ombe alilamba kutoka upande mmoja hadi mwingine, akifuata mshono, hapa kidogo, pale akirudia, na alikopita kijani ilifutika, nyekundu ilifutika, na weupe ukabaki. Kicheko kiliisha taratibu. Nyanzobe alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hatimaye wakamsukuma ng'ombe pembeni watu kadhaa kwa pamoja. Mzee Gwalema aliinama juu ya bendera iliyoharibika. Huyu alikuwa amepaka chumvi ndama wengi maishani mwake.

"Ng'ombe halambi rangi," alisema polepole. Akagusa pale peupe kwa kidole, akakionja. "Humu mna chumvi ya Irungwa."

Alichukua kisu, akachana mshono, akavuta. Kitambaa cha kuchujia kikatoka nje, kigumu, kichakavu, mbele ya nchi nzima. Kila aliyekuwapo siku ile ya baraza alikitambua. Mtemi alikitazama, kisha akamtazama mshonaji wake.

"Nilisema kitupwe," alisema. "Kwa nini ukiingize humu kitambaa cha mtu usiyemjua?"

Nyanzobe alifungua mdomo kutafuta uongo, na kwa mara ya kwanza hakuupata. Ndama alikuwa ameingia chini ya mama yake ananyonya, na ng'ombe amegeuza shingo anamlamba mgongo, bila kujali kwamba watu wanatazama. Nyanzobe aliwaona. Akakaa chini vumbini na nguo yake nzuri.

"Ni mama yangu," alisema. "Yule ni mama yangu mzazi. Mimi ni mtu wa Irungwa."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu wangepiga. Lubasha aliziacha ngoma zake akaja akasimama mbele yake, na uso wake mpole ulikuwa umekuwa mgeni.

"Na yule tuliyemlilia," aliuliza, "alikuwa nani?"

Wanawake waliompapasa mgongo walitazama chini. Na hapo ikawa kama maji yaliyomwagwa, kwa maana aibu haikubaki kwa Nyanzobe peke yake. Kila mmoja aliyevuta nguo yake siku ile alijikumbuka. Kila mmoja alikuwa amekula asubuhi, na chakula kilikuwa na chumvi. Mtemi Mihambo, aliyetafuta kitu cha kuwafanya watu wajuane wasiuane, alikumbuka kwamba alitumia neno "namjua" kama mlango wa kufungia watu nje. Alivua kilemba chake akakishika mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza kapu. Alisema bendera haitapanda siku hiyo, kila mtu arudi kwake.

Nyanzobe hakurudi kwake. Alishika njia ya bondeni na nguo ile ile yenye vumbi. Alimkuta Milembe akichochea moto, chungu kinatokota. Alipiga magoti mbali kidogo, pale wanapowekewa kigoda wageni, akaeleza yote, hata matanga, hata mbuzi. Hakujitetea. Milembe alimsikiliza bila kuacha kukoroga, kwa sababu chumvi ikiachwa huungua.

"Nilikuwa na kaburi, kumbe," alisema binti alipomaliza. "Walichinja mbuzi mkubwa?"

"Mkubwa, mama."

"Basi si haba." Akakoroga. Kisha mkono ukasimama, na mwanamke yule ambaye moshi ulikuwa umemkausha machozi tangu ujana akajifuta macho kwa kiganja cha mkono. "Uliposema hunijui, nilikusaidia. Unajua kwa nini?"

"Ili nisiaibike."

"Ili nisikuone unasema mara ya pili."

Nyanzobe aliinamisha kichwa hadi chini. Alimwomba mama yake waende wote, mtemi atampokea, atawekewa kiti. Milembe alikataa. Akasema yeye huko alikwisha kuzikwa, na maiti haendi sherehe.

"Kama unataka kunifukua," alisema, "nifukue palepale uliponizika. Taja jina langu mbele yao, na mahali unapotoka. Si kwangu hapa, hapa tunajuana."

Nyanzobe alirudi peke yake. Mtemi alikuwa tayari ameamuru kitambaa kipya kishonwe badala ya kile kilicholambwa, lakini Nyanzobe akamwomba asifanye hivyo, na wafugaji wakamuunga mkono kwamba kilicholambwa na ng'ombe hakitupwi. Alikirudisha kitambaa cha mama yake mahali pake, na safari hii hakukifunika. Alikishona juu juu, kikifuata njia ya ulimi wa ng'ombe, na kupinda kwake kote hakukunyoosha.

Watu walikusanyika tena. Hawakuja kwa shangwe. Walikuja kimya kimya, na wengi walikuja na vichwa chini. Mtemi alimpa Nyanzobe kamba aipandishe mwenyewe. Nyanzobe aliushika ule mstari mweupe, akauinamia, akaugusa kwa ulimi. Ulikuwa na chumvi bado. Akasema, kwa sauti iliyokuwa ikimtetemeka mpaka ikakaribia kukatika:

"Mimi ni Nyanzobe, mtoto wa Milembe, mchemsha chumvi wa Irungwa."

Waliokuwa mbele walisikia. Lubasha alisikia. Mtemi alisikia. Nyanzobe akashika kamba, akaanza kuvuta, akitamani yaishe. Ndipo ikatoka sauti nyuma kabisa ya umati, sauti kavu ya mtu aliyevuta moshi maisha yake yote.

"Huku nyuma hatujasikia!"

Umati uligeuka. Alikuwa amesimama peke yake mwisho wa uwanja, miguu myeupe, kikapu bado kichwani. Hakuna aliyevuta nguo. Watu walijitenga kushoto na kulia, siyo kumkwepa, ila ili njia ya macho iwe wazi kati ya wawili hao. Nyanzobe aliiachia kamba, bendera ikashuka tena. Alijaza kifua pumzi, na safari hii alipaza sauti hadi machozi yakamtoka, hadi ng'ombe wakainua vichwa mbugani:

"Mimi ni Nyanzobe! Mtoto wa Milembe! Wa Irungwa!"

Milembe alitua kikapu chake chini. "Haya," alisema. "Sasa nimesikia."

Na tangu siku hiyo, bendera ya Lukandwe ina mstari mweupe uliopinda, na hakuna fundi anayeruhusiwa kuunyoosha. Na tangu siku hiyo, mwenye kuipandisha, awe mtemi au mtoto wa shule, kwanza huinama akaugusa mstari ule kwa ulimi, kisha hutaja jina la mama yake na mahali mama huyo anapotoka. Wengi hulisema kwa haraka na kwa sauti ya chini, macho kwenye kamba, kwa sababu mtu ni mtu. Hapo ndipo umati wote, hata waliosimama karibu kiasi cha kumgusa, hujibu kwa sauti moja kwamba huku nyuma hatujasikia. Wageni hudhani sisi ni watu wasio na adabu. Sisi tunangoja tu, na bendera inangoja, mpaka alitaje tena.